Daftari la Mama, Ukurasa wa Kumi na Saba

Mama anaishi Spokane, ng'ambo ya milima,
mwendo wa saa nne na nusu kwa gari, theluji ikikubali.
Miaka thelathini na mmoja aliongoza mabasi kwa redio,
dereva yupi ageuke wapi, nani amsubiri nani,
na halikupotea basi hata moja.
Leo anapotea ndani ya simu
isiyozidi kiganja.

Ana daftari. Huandika kwa penseli
kwa sababu, asema, nyinyi watu hamtulii.
"Kuhifadhi: juu, kulia." Amefuta.
"Kuhifadhi: chini, karibu na kidole gumba." Amefuta.
"Hakuna kuhifadhi. Inajihifadhi yenyewe, Maren kasema."
Kisha kwa herufi kubwa: "SI KWENYE BARUA."
Karatasi imekonda hapo, mwanga unapenya.

Maren ni mimi. Nafanya kazi Bellevue, ghorofa ya tisa.
Ghorofa yetu ni ya picha. Ya sita ni ya barua.
Kalenda ziko mbili, moja ya nne, moja ya kumi na moja,
na hazisalimiani.
Kila ghorofa ina buluu yake, na kiapo kwamba ndiyo buluu.
Tulizihesabu mwezi wa Machi: arobaini na tatu.
Okonski akazichapisha, akazibandika ukutani
karibu na mashine ya kahawa.
Tukacheka, tukapiga picha,
tukaunda kamati.
Kamati ikazaa ya arobaini na nne.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, husemwa.
Sisi twakilalia. Tatizo ni kwamba kila mmoja
ana pembe yake na shuka anavutia kwake,
na mwisho wa mwaka hupandishwa cheo
aliyeleta foronya mpya,
si aliyetandika.

Basi ile alama ya kosa, ya mwalimu, mistari miwili iliyopandana:
kwa watu wa barua, maana yake funga.
Kwa watu wa ramani, rudi.
Kwetu sisi wa picha, ondoa.
Nakikumbuka kikao. Alhamisi, chumba cha vioo, mvua nje.
Priyamvada aliuliza, "Na mtu anayetoka kwenye barua je?"
Nikajibu, nikiwa na haraka ya chakula cha mchana,
"Watazoea."

Mama alikuwa akimtazama baba.
Baba ziwani, samaki mdogo mkononi, kicheko kikubwa,
mwaka mmoja kabla ya hospitali.
Alipotosheka kumtazama
akafanya alivyofundishwa na ghorofa ya sita:
akafunga.

Takataka zetu hukaa siku thelathini.
Mama alinipigia siku ya thelathini na nne.
Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ile ile ya redio,
"Kituo, nimekosea kona wapi?"

Jumamosi nikavuka milima.
Jiko lake ni la mwaka sabini na nne.
Zungusha kushoto, moto. Zungusha kulia, moto umezima.
Alichemsha kahawa huku akinitazama mimi,
mkono ukijua njia peke yake.
Nami nikafungua daftari, ukurasa wa kumi na saba:
alama ya kosa, na mbele yake, "funga."
Hakuifuta. Aliizungushia duara,
na pembeni, kwa kalamu ya wino safari hii,
"Muulize Maren: funga ya nani?"

Alhamisi nililiweka mezani, chumba kile kile.
Wakalipitisha mkono kwa mkono, taratibu,
kama kitu kilichofukuliwa ardhini.
Mtu wa ghorofa ya kumi na moja akakohoa.
"Lakini huyu," akasema, "ni mtumiaji mmoja tu."
Nikasema ndiyo, mmoja. Anaitwa Verna.
Daftari analitaka Jumapili.